Tuliandikiana kutengana mbele ya mjumbe. Je, ndoa imeshavunjika?

Swali:

"Wakili, naomba msaada wako. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani miaka 12 iliyopita, tuna watoto wawili, wa miaka 11 na 5. Miaka 4 iliyopita, baada ya ugomvi wa muda mrefu, tulikaa mbele ya mjumbe na wazee wawili tukaandikiana kwamba kila mtu aishi kivyake. Yeye akahama. Sasa anaishi na mwanamke mwingine upande wa pili wa mji na wana mtoto. Mawifi zangu wanasema ndoa ilikufa yenyewe ilipotimia miaka 3, kwa hiyo sina changu. Nyumba ninayoishi na watoto tuliijenga pamoja lakini hati ina jina lake. Mwezi uliopita alikuja na watu wawili, wakaizunguka, nikasikia wanataja bei. Mchungaji ananishauri niombe kutengana tu, nisidai talaka. Dada yangu anasema nikiomba kutengana sitapata mali. Niko njia panda. Tofauti ni ipi, na nifanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, ndoa yako ipo. Haikufa ilipotimia miaka 3, haikufa mbele ya mjumbe, na haikufa mume wako alipohamia kwa mwenzake. Kwa Tanzania Bara, ndoa halali humalizwa na kifo au na mahakama. Zaidi ya hapo, watu wanaweza kukaa mbali miaka 20, wakazaa kwingine, wakasahau hata tarehe ya harusi, na bado wakawa mume na mke. Nakuambia hili mapema kwa sababu wewe umelisikia kama habari mbaya, wakati kwa upande wa nyumba yako ni habari njema. Nitafika huko.

Nadhani najua mawifi zako walikoitoa ile miaka 3. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu cha 107 kinachotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutorekebishika. Yamo ugoni (mwenzi kuzini nje ya ndoa), ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3, na kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama kulikodumu miaka isiyopungua 3. Mtu akisimuliwa hayo juu juu, akamsimulia mwingine, mwisho wa safari inakuwa "miaka 3 ikipita ndoa imevunjika". Sivyo. Miaka 3 ni ushahidi unaoupeleka kwa hakimu, naye ndiye anayevunja.

Sasa ile karatasi yenu. Nimeshika nyingi za namna hiyo, na zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja: ukurasa wa kaunta buku uliochanwa, kalamu ya bluu, "sisi wawili kwa hiari yetu bila kushurutishwa tumekubaliana", sahihi mbili, dole gumba la mzee mmoja, na chini kabisa muhuri wa serikali ya mtaa uliogongwa upande. Wenye nayo huitunza kama hati ya talaka. Talaka si hiyo, kwa sababu mjumbe hana mamlaka ya kuvunja ndoa, na wazee hawana, hata wakiwa kumi. Lakini usiitupe! Karatasi hiyo yenye tarehe na mashahidi ndiyo itakayothibitisha kwamba mlitengana kwa hiari na kwamba muda umeshapita miaka 3. Itafute leo. Usiiongezee neno, usisahihishe hata tarehe iliyokosewa. Isome upya taratibu uone kama kuna mstari unaosema "sina madai yoyote juu ya nyumba". Ukiukuta, usikate tamaa na usimfiche wakili wako. Mstari wa namna hiyo una majibu yake mahakamani, ila lazima tuujue kabla upande wa pili haujausoma kwa sauti.

Kwa hiyo hapo ulipo, wewe umetengana kwa makubaliano. Hiyo ni hatua ya kwanza na sheria inaitambua. Ya pili ni kutengana kwa amri ya mahakama, ambako ndiko mchungaji anakokuelekeza. Ya tatu ni talaka. Hizi mbili za mwisho zinaanzia mlango mmoja. Kifungu cha 99 kinamruhusu yeyote aliye kwenye ndoa kuiomba mahakama kutengana au talaka kwa sababu ndoa yake imeharibika. Tofauti inajitokeza kwenye kipimo. Ili mtenganishwe inatosha kuthibitisha kwamba ndoa imeharibika. Ili mpewe talaka, hakimu lazima aridhike kwamba imeharibika na haitengenezeki tena.

Matokeo yake ndiyo yanayotofautiana sana. Amri ya kutengana inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja na kutendeana kama wenzi, lakini kifungu cha 111 kinasema wazi kwamba haivunji hadhi yenu ya ndoa. Unabaki mke wa mtu. Huwezi kuolewa na mwingine, na yeye, kwa kuwa ndoa yenu ni ya mke mmoja, hawezi kumuoa yule anayeishi naye, iwe bomani au kanisani. Hata huyo mwanamke hayuko salama: kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Sikushauri ukimbilie huko, maana kesi za ugoni hugeuka maonyesho, na mahakama huitupa kesi ikiona mdai aliridhia au mdaiwa hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua, kwamba mwenzake ana ndoa. Nakutajia ili uelewe jinsi ndoa inavyoendelea kupumua hata mkiwa mbalimbali. Mume wako akifa kesho (Mungu aepushe), wewe ndiye mjane. Utapata nini kwenye mirathi inategemea sheria itakayotumika, ya kiserikali, ya kimila au ya Kiislamu, lakini utaingia kwenye kikao cha mirathi ukiwa na cheti cha ndoa mkononi. Na mkipatana hakuna harusi mpya ya kufunga.

Talaka inakata vyote hivyo. Mtaachana huru, kila mmoja anaweza kuoa au kuolewa, na hutakuwa mjane wake tena. Kama watoto na wewe mnatibiwa kwa bima ya kazini kwake, wewe utatoka kama mwenza, watoto watabaki watoto wake. Watu wengi hulikumbuka hili siku wanaposimama dirishani hospitalini, wakati limeshapita.

Dada yako amekosea kuhusu mali, na kosa hilo ni la wengi, hata waliosoma. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja wakati inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au baada ya kuitoa. Maneno "kutengana au talaka" yamo humo humo ndani ya kifungu. Kwa hiyo hulazimiki kuvunja ndoa ili upate sehemu yako. Ambacho hakiwezekani ni kudai mgawanyo ukiwa umekaa hivi hivi, bila shauri lolote mahakamani, ukiwa na karatasi ya mjumbe peke yake.

Jina kwenye hati nalo lisikutishe kupita kiasi. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni yake, na dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni mliyoyakopa kwa manufaa ya familia, mahitaji ya watoto na mila za jamii yenu, kisha sheria inaielekeza ielemee kwenye usawa. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Shauri hilo hutajwa kila siku, lakini mwisho wake hautajwi sana: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana mume alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Kwa hiyo usiende mahakamani na sentensi ya "nimemzalia na kumpikia miaka 8" ukadhani imetosha. Nenda na daftari la VICOBA linaloonyesha mkopo uliochukua mwezi ule mlioezeka. Nenda na risiti za saruji na nondo, hata zilizofifia. Mtafute fundi aliyejenga, maana fundi anakumbuka nani alikuwa anamletea chakula na hela ya mchanga. Picha ya wewe umebeba ndoo ya zege inaweza kusema zaidi ya maneno yangu nusu saa.

Kuna upande mmoja sitakupamba. Kama katika miaka hii 4 amenunua kiwanja au gari akiwa na mwenzake, ni kweli kwamba kisheria vimepatikana ndoa ikiwa hai, lakini sheria inazungumzia juhudi za pamoja. Utaulizwa juhudi yako ilikuwa wapi katika kiwanja ambacho hujawahi kukanyaga. Mara nyingi jibu linakuwa gumu. Kwa hiyo weka nguvu zako kwenye nyumba.

Nyumba ndiyo inayonifanya nikujibu haraka kuliko nilivyozoea. Kifungu cha 59 kinasema mwenzi mwenye nyumba ya ndoa kwa jina lake hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani ndoa ikiwa bado ipo, bila ridhaa ya mwenzake, na kwamba mwenzake huyo ana maslahi anayoweza kuyalinda kwa zuio. Sasa unaona kwa nini nilisema ndoa kuwa hai ni habari njema. Mawifi wanaokuambia ndoa imekufa wanakuondolea, kwa kujua au kwa kutojua, ngao uliyonayo mkononi. Nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukiwa na nakala ya cheti cha ndoa na kiapo kitakachoandaliwa na wakili, uweke zuio kwenye hati hiyo. Peleka pia barua ofisi ya serikali ya mtaa, wakugongee muhuri nakala yako, kwa sababu wanunuzi wengi huanzia kwa mwenyekiti. Na usisaini kitu chochote kinachoitwa "fomu tu ya benki".

Jambo moja linaloponyoka hata kwa baadhi ya mawakili: ngao hii imeegemea ndoa. Talaka ikitoka leo na suala la nyumba likaachwa lizungumzwe baadaye, utakuta huna tena ridhaa ya kunyima. Ndiyo maana ukidai talaka, mgawanyo wa mali udaiwe katika shauri hilo hilo, pamoja na ombi la zuio la muda mpaka hukumu itoke.

Kuhusu watoto, kutengana na talaka havitofautiani sana. Mahakama inaangalia ustawi wa mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 7 kuna dhana kwamba ni heri akae na mama, dhana inayoweza kupingwa, na hakimu anatakiwa pia kufikiria madhara ya kumhamisha mtoto kutoka mahali alipozoea. Wewe umekaa nao wote wawili miaka 4, kwa hiyo una msingi mzuri. Matunzo yao wala hayahitaji kusubiri uamue kuhusu ndoa. Unaweza kuyadai hata wiki hii kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuanzia ustawi wa jamii na ikibidi mahakamani. Matunzo yako mwenyewe yanaweza kudaiwa ndani ya shauri la kutengana na la talaka pia. Ukichagua kutengana, hakikisha yameandikwa ndani ya amri yenyewe, maana wajibu ambao amri imeunyamazia ni mgumu kuukamata baadaye.

Safari ya talaka inaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na hapa ndipo mashauri mengi yanapokwama. Kila kata inatakiwa kuwa nalo, na baadhi ya jumuiya za dini zina mabaraza yao yaliyotambuliwa. Kwa kuwa mnaishi kata tofauti, muulize mtendaji wa kata ni baraza lipi lenye mamlaka kabla hujafungua lalamiko. Mtaitwa wote wawili, mtasikilizwa, watajaribu kuwapatanisha kwa dhati, na wakishindwa watatoa cheti kinachosema wameshindwa, pamoja na waliyoyabaini. Barua ya mchungaji si cheti hicho, ya mzee wa ukoo wala ya mjumbe pia si cheti. Cheti kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mahakama ya Rufani imeshafuta mwenendo mzima wa shauri lililokuwa limepanda ngazi zote, kwa sababu tu kilichowasilishwa hakikuwa cheti halisi cha baraza. Fikiria unaanza upya baada ya miaka ya nauli na ushahidi. Mume akiitwa na kukataa kwa makusudi, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi kukamilika, ila baki na nakala za wito na uthibitisho kwamba ulimfikia.

Masharti haya ya cheti yameandikwa kwa ajili ya talaka, kama lilivyo lile la kutodai talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 2 isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Shauri la kutengana halibanwi nayo. Hata hivyo mimi huwashauri wanaotaka kutengana wapite barazani vilevile, kwa sababu wengine hupatana pale pale, na wengine hugundua wakiwa pale kwamba wanachotaka hasa ni talaka.

Niwakumbuke kidogo wasomaji wenzako waliooana Kiislamu, maana huniuliza jambo hili hili kwa sura nyingine. Talaka aliyoitamka mume, hata ikiwa tatu na imeandikwa, kwa Sheria ya Ndoa haijamaliza kazi peke yake. Kilichoandikwa ni kwamba baraza likishathibitisha kushindwa kupatanisha, kisha mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona ndoa imeharibika na kutoa talaka. Mpangilio ndio wa kuuangalia: baraza kwanza. Zanzibar ni habari nyingine, huko kuna Mahakama za Kadhi na sheria zake.

Turudi kwako na kwa mchungaji. Anachokushauri kina mantiki. Kwa muumini ambaye dhamiri yake haimruhusu kuachana, amri ya kutengana inampa mali, matunzo na utulivu bila kugusa kiapo. Lakini mwulize pia swali hili: je, talaka ya mahakama inabadilisha nini ndani ya kanisa lenu? Kila kanisa lina utaratibu wake, na mahakama haiingilii huko. Watu huogopa kwamba hakimu ataivunja ndoa ya madhabahuni, wakati hakimu anashughulika na ile iliyosajiliwa serikalini.

Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekuambia hivi. Weka zuio kwanza, dai matunzo ya watoto pili, na hayo mawili hayakulazimishi uamue chochote kuhusu ndoa. Halafu jiulize kama kuna siku unamwona mume huyu akirudi na ukimfungulia. Kama hata moyoni hayupo, mimi naegemea talaka pamoja na mgawanyo, kwa sababu kutengana kwa amri ya mahakama leo na talaka baada ya miaka mitatu ni mashauri mawili, nauli mara mbili, na kumwaga siri za nyumbani mbele ya watu mara mbili. Kama imani inakuzuia, au unaona busara kubaki mke wake kwa ajili ya mirathi na bima, basi omba kutengana na udai mgawanyo humo humo. Hutakuwa umechagua kilicho pungufu. Kitakachokuumiza ni kuendelea kukaa na karatasi ya kaunta buku huku watu wakija kuizunguka nyumba.

Usisubiri jibu lingine kutoka kwangu, umwone mtu ana kwa ana siku hiyo hiyo, ukisikia mnunuzi ameshalipa chochote, ukiletewa wito wa mahakama, au akianza kukutishia au kukupiga. La mwisho lipeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kabla ya wakili. Kama huna fedha za wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hupokea wanawake wenye masuala kama lako. Ukiwa Dar es Salaam, kuna kituo jumuishi cha mahakama kwa masuala ya familia pale Temeke.

Utakapokwenda, beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ile karatasi ya mjumbe, na chochote chenye harufu ya ujenzi. Nakala ya hati huenda huna, aliondoka nayo. Tafuta basi risiti yoyote ya zamani ya kodi ya pango la ardhi, kwenye droo au chini ya godoro. Namba ya kiwanja na kitalu zimeandikwa humo, na kwa hizo namba Msajili ataipata hati yenyewe.